Askari Amelipwa? Mapigano Yaliyokosa Mshindi

Mliokwisha kula, mshukuruni Mungu. Mnaosubiri chungu kiive, tusubiri pamoja. Nazungumza nanyi kutoka hapa Mbuya, kilima chetu cha mashariki mwa Kampala. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Jinja, ukafika Nakawa na kupinda kulia, unaanza kupanda. Juu unakuta kanisa la Bikira Maria wa Afrika, unakuta kambi za jeshi na hospitali ya jeshi, na chini kule wanakaa wenzetu wa Kinawataka. Ni mojawapo ya vilima vya Kampala ambako Kiswahili hakimshangazi mtu. Pita karibu na lango lolote la kambi asubuhi, utasikia: "Jambo afande." Mnaijua salamu hiyo. Lishikeni neno hilo, afande, maana tutalirudia kabla hatujaagana.

Jioni hii nataka tuzungumze jambo moja tu: mapigano yasiyo na mshindi. Nasema tena, mapigano yasiyo na mshindi. Sizungumzii kandanda, ambako timu mbili zikitoka sare kila mtu huenda nyumbani na pointi yake moja. Nazungumzia watu waliopigana kwa saa nyingi, wakazika wenzao, na jioni hakuna aliyeweza kusema nani kashinda.

Nimefikaje kwenye jambo hili? Juzi kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinisimamisha njiani na kitabu mkononi. Akaniuliza, "Mzee, hawa Waingereza walipigana wakiwa na farasi wao, pande zote mbili zikadai zimeshinda. Inawezekanaje?" Nilimpa jibu la harakaharaka kwa kuwa nilikuwa nakimbilia basi. Usiku jibu lile lilinikosesha raha. Kijana alistahili zaidi ya hapo, kwa hiyo leo namjibu mbele yenu nyote.

Mapigano aliyokuwa akiyasoma yanaitwa Edgehill. Yalitokea Uingereza tarehe 23 Oktoba 1642, siku ya Jumapili. Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa amegombana na Bunge lake, na ugomvi ukawa vita. Kila upande ulikuja uwanjani na watu wapatao elfu kumi na nne hivi. Katika vita vya zama zile, nguvu kubwa ilikuwa askari wapanda farasi. Wanapangwa pembeni, kulia na kushoto, na askari wa miguu wanasimama katikati na mikuki mirefu na bunduki zao.

Wapanda farasi wa upande wa kulia wa mfalme waliongozwa na mpwa wake, Rupert, kijana wa miaka 22. Basi Rupert akashambulia. Farasi wakateremka kwa kasi, na wapanda farasi wa Bunge waliokuwa mbele yake wakavunjika, wakatoa mbio. Upande wa kushoto mambo yakawa hayohayo. Mngekuwepo mngesema, kwisha, mfalme ameshinda kabla ya saa ya chai.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Wale wapanda farasi wa mfalme hawakurudi. Waliwafukuza maadui hadi kijiji cha Kineton, na huko wakakuta magari ya mizigo ya jeshi la Bunge. Wakaanza kupora. Huku nyuma, katikati ya uwanja, askari wa miguu wa mfalme wamebaki bila farasi wa kuwakinga. Jemadari wa Bunge, Earl wa Essex, alikuwa amebakiza farasi wachache akibani. Hao wakaingia. Aliyeshika bendera ya mfalme, Sir Edmund Verney, akauawa, na bendera ikachukuliwa, ingawa baadaye ilirudishwa. Rupert na watu wake walipokusanyika tena, farasi wamechoka na giza linaingia. Watu wakalala pale pale kwenye baridi, kesho yake wakatazamana, na hakuna aliyetaka kuanza upya. Essex akarudi nyuma kuelekea Warwick. Mfalme akafuata njia yake hadi Oxford. Na vita ambavyo wengi walidhani vitakwisha siku moja vikaendelea miaka mingi.

Kuna habari moja ndogo ya siku ile ambayo kila nikiikumbuka huniuma. Afisa mmoja wa Bunge, Sir Faithful Fortescue, alihamia upande wa mfalme na kikosi chake mapigano yalipoanza. Watu wa Bunge walikuwa wakivaa vitambaa vya rangi ya chungwa. Baadhi ya askari wake walisahau kuvivua. Wakauawa na rafiki zao wapya, kwa kitambaa tu.

Sasa turudi kwa swali la kijana. Kwa nini hapakuwa na mshindi? Watu wengi watakujibu: kwa sababu Rupert alishindwa kuwazuia wapanda farasi wake. Ni kweli. Ila mimi nauliza swali jingine, na ndilo nitakalolirudia jioni yote. Nauliza: askari amelipwa?

Mtu anayepanda farasi kwenda kufa, akiona gari la mizigo limejaa vyombo na fedha, kwa nini asimame? Kwa sababu ana uhakika wa mshahara wake mwisho wa mwezi. Kama hana uhakika huo, gari lile ndilo mshahara. Katika majeshi ya wakati ule, ahadi za malipo zilikuwa nyingi na fedha kidogo. Baadaye, mwaka 1645, Bunge liliunda jeshi jipya lenye nidhamu na malipo ya utaratibu mzuri zaidi, na jeshi hilo likamshinda mfalme. Lakini mnajua kilichotokea mwaka 1647? Vita vimetulia, Bunge likataka kulivunja jeshi na kuwarudisha askari makwao bila kuwalipa malimbikizo yao yote. Askari wakakataa. Wakachagua wawakilishi wao, kikosi kwa kikosi, wakaandika madai yao, na mwezi wa Agosti jeshi likaingia London. Jeshi lililolilinda Bunge likawa linalitisha Bunge lilelile. Askari amelipwa? Hakulipwa.

Mtaniambia, mzee, hayo ni ya kwao Ulaya, na sisi hapa hatukuwa na vita vya farasi. Ni kweli, hatukuwa navyo. Huku kwetu mbung'o ndiye aliyekataa. Farasi akiumwa na mbung'o hupata nagana, anakonda mpaka anakufa, kwa hiyo katika nchi hizi vita vilitembea kwa miguu. Lakini mapigano yasiyo na mshindi tunayo. Tena yalitokea mwezi huohuo wa Oktoba, na mahali pake si mbali. Ukiishika Barabara ya Jinja hapo chini ya Mbuya, ukavuka Mto Nile, ukaingia Busoga na kuteremka kuelekea ziwani upande wa Mayuge, unafika Bukaleba. Zamani pakiitwa kwa Luba, jina la chifu wa pale. Ni huko kwa Luba ambako askofu Hannington aliuawa mwaka 1885. Na ni hukohuko, tarehe 19 Oktoba 1897, watu walipigana kwa saa nyingi na hakuna aliyeshinda.

Twende polepole hapa, maana hapa ndipo kwetu.

Waliopigana ni akina nani? Upande mmoja ni askari wa Kisudani, wale ambao wajukuu wao leo tunawaita Wanubi. Walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta. Vita vya Mahdi huko Sudan vilipowakata na Misri, walibaki huko Ziwa Albert wakiwa na wake zao, watoto wao na bendera yao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard akawafuata hadi Kavalli, akawachukua na kiongozi wao Selim Bey, akawaleta Uganda kulinda ngome za Waingereza. Na jeshi lao lilikuwa na vyeo vya Kimisri: afisa mwenyeji aliitwa efendi. Mnalisikia neno? Efendi, afande. Kila asubuhi hapa Mbuya tunawataja watu wale bila kujua.

Sasa, watu hao walifanyiwa nini? Mwaka 1893 Selim Bey alikamatwa kwa kushukiwa njama, akahamishwa, na akafia njiani Naivasha. Afisa aliyemkamata aliitwa Macdonald. Kumbukeni jina hilo. Mwezi wa Julai 1897 Kabaka Mwanga akaasi na kwenda Buddu. Waliotumwa kumpiga ni Wasudani. Wakampiga. Hawajapumzika, wakaambiwa haya, safarini tena, mwende mashariki hadi Eldama Ravine, huko mtaungana na msafara mkubwa utakaowapeleka kaskazini. Kiongozi wa msafara ni nani? Ni Macdonald yuleyule, sasa Meja.

Na mshahara je? Mshahara ulikuwa mdogo. Ulikuwa chini ya alicholipwa mpagazi wa pwani aliyebeba mzigo kichwani katika msafara huohuo. Ulicheleweshwa kwa miezi, na mara nyingi ulilipwa kwa nguo za madukani, si kwa fedha. Juu ya hayo, wake zao. Askari wa Kisudani alisafiri na familia yake. Mke ndiye aliyepika, aliyetafuta chakula, aliyemuuguza mume. Sasa anaambiwa aende mahali asipopajua na familia nyingi zibaki nyuma.

Mfikirie fundi wa kujenga hapa kilimani kwetu. Ameinua ukuta, ameezeka, na kila Jumamosi mwenye nyumba anamwambia, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo anampa mashati mawili badala ya pesa. Halafu anamwambia, panda lori hili, kuna nyumba nyingine mbali, huwezi kwenda na mkeo, na usiniulize ni wapi. Fundi yule atafanya nini? Angalau fundi ataweka mwiko chini aondoke. Askari akiweka bunduki chini aondoke, huitwa mwasi. Hawa hawakuiweka chini. Waliondoka nayo.

Mwishoni mwa Septemba 1897, huko Ravine, vikosi vile vya Wasudani vikakataa kwenda. Askari wapatao 300 wakageuka, wakarudi magharibi kwa miguu hadi kwa Luba, ambako palikuwa na ngome na wenzao. Meja Thruston, afisa aliyewaamini sana askari wake, alikuwa amewahi kufika pale kutoka Kampala akitumaini watamsikiliza. Walimkamata yeye, na bwana Wilson, na bwana Scott, fundi wa mashua ya mvuke ya serikali.

Macdonald akawafuata. Alikuja na Wazungu wachache, Kalasinga wasiofika ishirini, na Waswahili zaidi ya 300. Nasema Waswahili, ndugu zangu: watu wa pwani, walioandikwa kazi ya msafara kubeba mizigo na kulinda kambi. Tarehe 18 Oktoba wakakaa juu ya kilima kinachoitazama ngome. Kesho yake asubuhi Wasudani wakatoka ngomeni, wakasogea kama watu wanaokuja kwa mazungumzo. Halafu bunduki zikalia.

Mapigano yaliendelea kwa saa tano hivi. Luteni Fielding aliuawa. Frederick Jackson, ambaye mwaka 1911 alikuja kuwa Gavana wa Uganda, alijeruhiwa vibaya. Waswahili walishika mstari mpaka risasi zikakaribia kwisha, na wengi wao walianguka. Hatimaye Wasudani wakarudi ngomeni. Macdonald amebaki na kilima. Wasudani wamebaki na ngome. Nani kashinda? Hakuna. Ni Edgehill tena, bila farasi.

Na hebu niwaulize: pale kilimani nani alikuwa anapigana na nani? Mtu wa Zanzibar au Mombasa anampiga risasi mtu wa Sudan. Wote wawili wako mbali na kwao. Wote wawili wameajiriwa na bwana mmoja. Mmoja analalamikia mshahara, mwingine analipwa mshahara ili amnyamazishe. Siwezi kulipita hilo haraka. Vitabu vingi hulipita, huhesabu maofisa, huwataja Waswahili kwa idadi, huendelea na safari. Lakini bila wale wapagazi walioshika bunduki siku ile, Waingereza wangeipoteza Uganda. Ni hao waliokinga mstari.

Usiku ule mambo yakaharibika zaidi. Thruston, Wilson na Scott wakapigwa risasi na viongozi wa uasi, Mabruk Efendi na wenzake. Kwa nini? Kwa sababu mapigano yalikosa mshindi. Kama wangeshinda, mateka wale wangekuwa wa kujadiliana. Kama wangeshindwa, wangejisalimisha. Sasa wako katikati, na wenye msimamo mkali wakaona wawafungie njia wale wenye mioyo ya kurudi. Damu ya mateka ikiisha kumwagika, hakuna wa kurudi tena. Mimi naliona kosa kubwa, kosa lililowaangamiza wao wenyewe, maana madai yao yalikuwa ya haki na siku ile yakazikwa pamoja na wale watatu.

Kilichofuata ni kuzingirwa. Majeshi ya Buganda yakaja kwa maelfu chini ya Katikiro Apolo Kagwa kuwasaidia Waingereza. Tarehe 11 Desemba walitumwa kukata migomba iliyozunguka ngome, ili waasi wakose chakula. Katika kazi hiyo ya kukata migomba aliuawa Luteni Macdonald, ndugu yake Meja, na akauawa George Pilkington, mmisionari aliyeitafsiri Biblia kwa Kiluganda. Migomba yenyewe ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Wasoga, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Mgomba ukiukata leo, watoto wanalala njaa kesho, na kesho kutwa, mpaka machipukizi yakue. Hata huo ulihesabiwa kuwa mkakati.

Tarehe 9 Januari 1898, baada ya karibu miezi mitatu, waasi wakatoroka usiku kwa jahazi. Wakaelekea kaskazini hadi sehemu za Ziwa Kyoga, na tarehe 24 Februari wakapigwa vikali mahali paitwapo Kabagambe. Mwanga naye, kwa kuona serikali imetingwa, alikuwa amerudi Buddu kuanza vita upya. Askari wakaletwa kutoka India. Gharama yote hiyo, damu yote hiyo. Na baada ya hayo serikali ikafanya nini? Ikapandisha mishahara ya askari. Mmenisikia vizuri? Ikapandisha mishahara. Jambo lilelile lililoombwa Ravine. Tarehe 1 Januari 1902 askari wa Uganda wakaingizwa katika jeshi jipya, King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, wakawa batalioni ya nne. Wanubi wengi waliokuwa waaminifu, pamoja na familia zao, walijenga makazi Bombo, na wapo hadi leo.

Bado kidogo, wasikilizaji, msiondoke. Je, tulisikia somo? Januari 1964 Uganda ina uhuru wa mwaka mmoja na miezi michache. Jeshi letu ni batalioni ileile ya nne, imebadilishwa jina tu. Kambi yake kubwa iko Jinja, ng'ambo ya Nile, safari fupi tu kutoka Bukaleba. Tarehe 20 mwezi huo askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 wakafuata wa Jinja. Tarehe 24 wakafuata wa Lanet, Kenya. Huko Jinja askari walimzuia waziri Felix Onama, aliyekwenda kuzungumza nao, na hawakumwachia mpaka akubali madai. Madai gani? Mnajua jibu. Askari wa Uingereza wakaitwa kutuliza mambo, na mishahara ikapandishwa. Miaka 66 baada ya kwa Luba, kando ya ziwa lilelile, swali lilelile: askari amelipwa?

Kwa hiyo, kijana wangu wa kidato cha tatu, kama unanisikiliza, jibu langu ni hili. Rupert hakushinda kwa sababu watu wake waliuona mshahara wao kwenye magari ya Kineton. Macdonald hakushinda kwa sababu waliokuwa mbele yake walikuwa askari hodari aliopaswa kuwa nao, si kupigana nao. Mwalimu wako akitaka mishale na michoro ya farasi, mchoree. Halafu mwulize kuhusu mishahara.

Na ninyi wenzangu wenye babu au bibi huko Bombo, au wenye wazee wa pwani waliokuja Uganda na misafara, wiki hii kaeni nao. Msianze na vita. Waulizeni waliambiwa nini na wazazi wao kuhusu malipo: ilikuwa rupia, ilikuwa nguo, ilikuwa chumvi? Nani alipika safarini? Nani aliachwa nyuma? Watakayowaambia yaandikeni, kwa Kiswahili, kwa Kinubi, kwa lugha yoyote, mniletee hapa Mbuya, nami nitayasoma hewani neno kwa neno. Usiku mwema.